Redio iwafikie wanaoishi na tembo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu vipindi vya wanyamapori katika redio na televisheni.

Wengi wetu tumesikia habari za Profesa Bernhard Grzimek, yule Mjerumani aliyezikwa Ngorongoro kando ya mwanawe, Michael. Kijana huyo alikufa Januari 10, 1959, ndege yao iliyopakwa rangi ya pundamilia ilipogongana na tai. Walikuwa katika kazi ya kuwahesabu wanyama wa Serengeti, na filamu yao ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960.

Lakini kwao Ujerumani, kilichomfanya mzee huyo ajulikane kila nyumba ni televisheni. Tangu 1956 hadi 1987 aliendesha kipindi cha wanyama. Aliingia na mnyama hai, akamwacha atembee juu ya meza, naye akaendelea kueleza taratibu bila mbwembwe. Kisha aliwaomba watazamaji wachange. Safari moja alitangaza kwamba ziara za bei nafuu za Afrika Mashariki zinapatikana, wakati hakuna kampuni iliyokuwa ikiziuza! Watu wakaenda kuziulizia, kampuni zikalazimika kuzianzisha.

Kwa miaka 31 Mjerumani alimtazama simba wetu akiwa amekaa sebuleni kwake. Sisi wa Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, miaka saba baada ya mzee huyo kufariki. (Wenzetu wa Zanzibar walitutangulia tangu miaka ya sabini.)

Simlaumu kwa kusema na watu wake kwa lugha yao. Ila Serengeti aliyowaonyesha ilikuwa kama pori lisilo na wenyewe, na Wamasai waliohamishwa kutoka humo mwaka 1959 hawakupewa kipaza sauti.

TBC ilipozindua chaneli ya Safari mwaka 2018 nilifurahi sana. Lakini mimi naishi Bunda, jirani na hifadhi, na huku redio ndiyo inayokwenda shambani. Mkulima anayekesha juu ya kichanja akipiga debe hana haja ya kuambiwa kwamba tembo anapendeza. Anataka kujua: mahindi yakiliwa atoe taarifa kwa nani, na kabla ya siku ngapi? Kwa nini anacholipwa kinaitwa kifuta jasho wala si fidia? Kamba ya pilipili na oili chafu inatengenezwaje, na mizinga ya nyuki itundikwe wapi? Na yule aliyelima katika mapito ya tembo aelezwe wazi kwamba tembo hawatabadili njia kwa sababu yake.

Nawaomba wahusika wa TBC, TANAPA na TAWA wakae pamoja wamtafute kijana mmoja, hata kama ni kutoka Chuo cha Mweka, anayewajua wanyama na anayejua kusema na watu. Wampe kinasa sauti na usafiri, afike vijijini kuwasikiliza askari wa wanyamapori pamoja na wakulima. Asije akaondolewa baada ya msimu mmoja kupelekwa kwenye michezo.

Kipindi chenyewe kisiwekwe mchana. Mazao yakikaribia kukomaa, kirushwe saa sita za usiku, maana saa hizo tuko macho shambani na redio zetu.

Mwalimu Mstaafu,
Bunda, Mara.