KUNA FAIDA GANI KUNGOJEA ATOMU?

Kwa maoni yangu, sisi vijana wa Mkoa wa Songwe tumezoea mno kuipima elimu kwa swali moja tu: "Italeta fedha lini?" Swali hilo si baya. Tunduma ni mji wa mpakani. Malori ya Zambia hupita usiku na mchana, na wazazi wetu wengi hutulipia mahitaji ya shule kwa biashara ya hapo. Lakini swali hilo likiachwa peke yake huua masomo mengine. Wenzangu wengi waliacha Fizikia mara tu baada ya Kidato cha Pili, wakisema haina soko. Nataka kuwajibu kwa mfano wa kazi ambayo, kwa kipimo chao, haina faida hata ya senti moja.

Zipo atomu ambazo viini vyake hubadilika kwa nadra isiyo na kifani. Mojawapo ni zenoni-124. Mwaka 2019 wataalamu wa jaribio liitwalo XENON1T, chini ya mlima Gran Sasso huko Italia, walitangaza kwamba wameyaona mabadiliko yake. Walikadiria kuwa nusu ya atomu hizo hubadilika baada ya miaka 18 ikifuatwa na sifuri 21. Ulimwengu wote una umri wa miaka bilioni 13.8 tu. Basi muda huo wapita umri wa ulimwengu zaidi ya mara trilioni moja!

Msomaji atauliza, je, walingojaje? Jibu lake ni jepesi. Nyumba moja yaweza kukaa miaka mingi bila msiba, lakini katika mji mkubwa msiba haukosekani hata siku moja. Vivyo hivyo, walikusanya zaidi ya tani 3 za zenoni iliyopozwa hata ikawa majimaji, wakakesha wakiitazama. Kwa muda upatao mwaka mmoja walihesabu matukio kama 126.

Na kwa nini chini ya mlima? Kwa sababu mionzi kutoka angani hutunyeshea daima. Chembe moja hivi hupita katika kiganja cha mkono kila sekunde. Kutafuta badiliko dogo namna hiyo juu ya ardhi ni sawa na kutaka kumsikia mbu pale mpakani wakati malori yote yapiga honi. Mwamba wa mita 1,400 juu ya maabara ya Gran Sasso huzipunguza chembe hizo kiasi cha mara milioni moja.

Wako watakaosema kwamba mambo hayo ni ya mbali. La, hasha! Mwaka 1965, katika mgodi wa dhahabu wa East Rand, Afrika Kusini, zaidi ya kilometa 3 chini ya ardhi, kundi la Frederick Reines wa Marekani na Friedel Sellschop wa Afrika Kusini lilinasa dalili ya nyutrino iliyozaliwa angani, miongoni mwa za kwanza kuonekana duniani. Hawakuchimba shimo jipya. Walitumia shimo la dhahabu. Na shimo hilo lilichimbwa kwa jasho la Waafrika, ambao siku hizo za ubaguzi hawakupewa nafasi ya kuuliza swali lililoulizwa humo.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Sisi nasi twachimba: dhahabu Bulyanhulu, makaa ya mawe Kiwira. Mikono tunayo. Je, tutaridhika kuwa wachimbaji wa mashimo ambayo wengine watayatumia kuuliza maswali makubwa? Wataalamu wa Afrika Kusini wamekwisha kupendekeza maabara chini ya milima karibu na handaki la Huguenot, huko Paarl. Siku itakapohitaji Waafrika wenye ujuzi, watatoka wapi ikiwa madawati ya Fizikia ni matupu?

Sisemi kwamba zenoni itatuletea unga, wala siombi maabara ijengwe Songwe kesho. Nasema ujuzi wa kupima mionzi hafifu ni ule ule utumikao kupima mionzi katika vyakula vyetu, na ujuzi haununuliwi sokoni siku unapohitajika.

Kwa hiyo nawaomba wazazi wasimkataze mtoto Fizikia kwa kuwa haijui bei. Nawaomba walimu, safari ijayo ya Kimondo cha Mbozi isiwe ya kupiga picha tu. Jiwe lile la chuma, kabla ya kuanguka, lilipigwa na mionzi ile ile bila hewa wala mwamba wa kulikinga. Tufundishwe hayo mbele yake. Nanyi ndugu zangu wa Kidato cha Pili, msiharakishe kuchagua. Mstahimilivu hula mbivu, na wako watu wanaoingoja atomu moja. Sisi tushindwe kungoja miaka miwili ya somo?

Mwanafunzi, Kidato cha IV