Tangi la matumbawe Sironga: nunua mwendo wa maji kabla ya taa

Leo tuiache kidogo misimbo na seva, ingawa mtaona hatutaenda mbali nazo. Marafiki wawili watatu wamekuwa wakiniuliza kuhusu tangi la matumbawe la nyumbani, yaani lile tangi la kioo lenye maji ya chumvi, samaki wa rangi rangi na matumbawe hai, kana kwamba umekata kipande cha bahari ya Watamu ukakileta sebuleni. Swali la kwanza huwa ni lile lile: ninunue taa gani?

Mimi nasema taa ni kitu cha mwisho. Msimamo wangu ni kwamba hapa Sironga, na huku juu kote Kisii na Nyamira, tangi la aina hii lipangwe kuanzia saa ile ambayo umeme haupo. Jiulize: stima ikipotea saa nane usiku nami nimelala, maji yatafanya nini? Ukipata jibu, orodha ya vifaa inajipanga yenyewe. Ukikosa jibu, usinunue hata kibiriti.

Watu wa huku tunajua samaki wa bwawa. Mwaka 2009 serikali ilipoanzisha mpango wa kuchochea uchumi, ilikusudia kuchimba mabwawa 200 katika kila eneo bunge kati ya maeneo 140, kila bwawa likiwa na mita 300 za mraba. Bwawa kama hilo likiwa na kina cha mita moja linabeba lita 300,000. Halina pampu, halina umeme, na tilapia wanaendelea na maisha yao. Kwa hiyo mtu anaona tangi la kioo ni bwawa dogo tu. La hasha! Tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 50 linabeba lita 270. Ni zaidi ya mara elfu moja pungufu. Kosa ambalo bwawa linalimeza kwa wiki nzima bila wewe kujua, tangi linalilipa usiku mmoja.

Halafu kuna mwinuko, jambo ambalo miongozo ya mtandaoni hailitaji kwa sababu wengi wa waandishi wake wanaishi karibu na usawa wa bahari. Sisi tuko takribani mita 1,900 juu. Kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa, na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini inapungua kwa kiasi hicho hicho. Maji ya bahari yenye nyuzi 25 yakiwa Mombasa hushika karibu miligramu 6.8 za oksijeni kwa lita. Yalete Sironga, yatashika kama 5.4. Zidisha kwa lita 270 upate gramu moja na nusu hivi. Hiyo ndiyo akiba yote ya pumzi ndani ya tangi, ya samaki, matumbawe na bakteria wa kwenye mawe. Mchana matumbawe yanasaidia, kwani ndani yake mna viumbe vidogo vya mwani vinavyotengeneza chakula na oksijeni kwa mwanga. Usiku kila kiumbe kinavuta na hakuna anayerudisha, isipokuwa uso wa maji unaotikiswa. Ukitulia, umekwisha.

Ndiyo maana nasema mwendo wa maji kwanza. Tumbawe halina miguu. Haliwezi kufuata chakula wala kukimbia uchafu wake. Baharini wimbi linaleta hiki na kuondoa kile, mchana na usiku, na kamwe haliji kutoka upande mmoja tu. Nyumbani wimbi ni pampu.

Hapa ndipo orodha za watu wengi zinapoharibika. Wanachukua pampu moja kubwa, ile ya kurudisha maji kutoka tangi la chini (lenye hita na kichuja povu) kwenda tangi la juu, wanataka ifanye kila kitu. Lakini kupandisha maji ni kazi ghali. Namba kubwa iliyochapishwa kwenye boksi, tuseme lita 2,000 kwa saa, ni ya pampu isiyopandisha chochote. Ipe mita moja na robo ya kupanda, viungo vya kona vitatu na bomba jembamba, na huenda usipate hata nusu. Ukitazama mchoro wa pampu kwenye karatasi yake utaliona hilo, lakini nani husoma karatasi?

Gawa kazi. Pampu ya kurudisha ipitishe maji mara tatu hadi tano ya ujazo wa tangi kwa saa, yaani lita 800 hadi 1,350, basi. Mwendo uliobaki uachie pampu mbili za mawimbi zinazokaa ndani ya tangi lenyewe. Hizi hazipandishi maji popote, zinayasukuma tu, kwa hiyo kwa umeme kidogo zinahamisha maji mengi sana. Kwa matumbawe laini mimi ningelenga mara 20 ya ujazo kwa saa, kama lita 5,400 zote kwa jumla, na ningeziweka pembe mbili zikitazamana kwa mshazari ili mikondo igongane katikati. Mkondo mmoja ulionyooka unachuna nyama ya tumbawe upande huu na kuacha uchafu umetuama upande ule.

Sasa stima imekatika. Pampu ya kurudisha imezimika, lakini bomba lake bado limejaa maji na mdomo wake umezama tangi la juu. Kila mtu aliyewahi kuona petroli ikinyonywa kwa mpira anajua kinachofuata: maji yanajivuta yenyewe, yanarudi chini, hadi mdomo ule ukutane na hewa. Mdomo ukiwa umezama sentimita 15, piga hesabu: 120 kwa 45 kwa 15 ni lita 81. Ukiwa umezama sentimita 3, ni lita 16 na kitu. Tangi la chini la sentimita 60 kwa 40 kwa 40, ukiliendesha likiwa nusu, lina nafasi ya lita 48. Kwa hiyo sentimita 12 za bomba ndizo tofauti kati ya kulala salama na kuamka ukiwa na lita 33 za maji ya chumvi sakafuni, chini ya ekstensheni ya umeme. Tena mkumbuke na maji yaliyomo ndani ya mabomba yenyewe.

Wapo wanaofunga vali ya kuzuia maji yasirudi. Sipendi. Konokono mmoja au punje ya chokaa inatosha kuizuia isifunge, nawe hutajua hadi siku hiyo. Mdomo wa bomba uwe karibu na uso wa maji, na tangi la chini liwe kubwa. Mvutano wa dunia haukatiki saa nane usiku.

Nasema hivi nikiwa mtu ninayeandika programu kwa riziki. Najua kishawishi. Rafiki yangu mmoja mwenye duka la simu pale sokoni alinionyesha mpango wake: kibodi kidogo cha Arduino, vihisi vitano, rilei nane, ujumbe unaoingia kwenye simu maji yakipanda. Mzuri, tena ningefurahi kumwandikia msimbo wake. Lakini kihisi kinachoelea hunata, rilei huungua, na ujumbe unamkuta mtu amelala. Tatizo linaloweza kumalizwa kwa msumeno na bomba lisipewe msimbo. Kihisi kiwe cha kukuarifu tu, kisiwe ndicho kinachozuia mafuriko. Fedha za rilei zile nane zingenunua betri.

Na betri nayo ina hesabu yake. Tarehe 25 Agosti 2023 giza lilitanda karibu Kenya nzima, na kwingi lilidumu hadi siku ya pili. Novemba na Desemba mwaka huo huo likarudi. Chukua betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, ile ya asidi. Usiimalize, tumia nusu yake: wati-saa 600. Hita ya wati 200 itakula hiyo kwa saa tatu. Pampu ya mawimbi ya wati 10 itazunguka saa 60 kwenye karatasi. Toa upotevu wa inveta, bado una siku nzima na usiku wake, pengine mbili.

Mtu atasema, lakini huku kwetu usiku ni baridi! Kweli, na matumbawe yanataka nyuzi 24 hadi 26 hivi. Watu wa pwani wanahangaika kupoza matangi yao, sisi tunahangaika kuyapasha. Hata hivyo joto huondoka polepole. Maji na mawe ya tangi hili, tuseme kilo 300, hupoteza karibu theluthi moja ya kilowati-saa ndipo yashuke nyuzi moja. Tupia blanketi mbili nzito kioo, acha uwazi juu hewa ipite, utapata saa kadhaa. Pumzi haina blanketi. Kwa hiyo betri ni ya pampu, hita ingoje. Taa nayo ingoje kabisa: matumbawe huvumilia siku moja ya giza bila shida, kwani hata baharini kuna siku za mawingu na maji machafu.

Kuhusu maji yenyewe sitakaa sana. Mvua tunayo, Mungu ametujalia, lakini maji ya bati yanabeba zinki, na zinki na shaba ni sumu kwa viumbe wasio na uti wa mgongo. Yapitishe kwenye chujio la osmosi kwanza. Chumvi ni gramu 35 kwa lita, yaani kilo tisa na nusu kwa tangi hili, na iwe chumvi ya matangi ya bahari. Chumvi ya jikoni haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha. Na maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matamu, usiongeze ya chumvi. Chumvi haikauki nayo. (Aliyeniuliza kuhusu kuweka vinyago vya jiwe la sabuni la Tabaka ndani: ni vizuri, viache kabatini.)

Ninashikilia jambo hili kwa sababu viumbe hawa hawatoki kiwandani. Samaki wengi wa mapambo wa Kenya wanashikwa na wapiga mbizi pwani yetu wenyewe, kwa wavu mdogo, mmoja mmoja, kisha wanasafiri karibu kilomita 800 hadi kufika huku. Matumbawe magumu yako kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, hayavuki mpaka bila kibali. Na ukienda matembezi Malindi, Watamu au Kisite-Mpunguti, usiokote hata jiwe. Matumbawe ya bahari yetu yaliunguzwa vibaya na joto mwaka 1998, sehemu kubwa ikafa, na kwingine bado yanajikongoja. Kutoa kiumbe kwenye mwamba ule ili kife Sironga kwa sababu mtu alinunua taa ya bei badala ya betri, mimi naona ni aibu.

Kwa anayetaka kuanza: jenga mabomba yote, weka kikata umeme cha miliampea 30 kwenye waya wa tangi, kisha jaza maji matamu, bila chumvi, bila kiumbe. Pampu zikiwa zinazunguka, zima swichi kuu ya nyumba. Tia alama ya kalamu pale maji yanapofika kwenye tangi la chini. Washa. Uone kama pampu zote zinaamka zenyewe bila kuguswa, maana nyingine hukwama. Rudia mara kumi, mchana na usiku, na mara moja uiache betri ifanye kazi hadi asubuhi huku ukihesabu saa. Alama ile ikibaki chini ya ukingo kwa vidole vinne mara zote kumi, nenda kanunue chumvi.