Historia ya Kununua kwa Boksi

Miongoni mwa wazazi wa mijini hapa Kenya wanaowasomesha watoto wao nyumbani, suala la historia huulizwa kwa namna moja tu: tununue mtaala upi? Hisabati imenunuliwa, sayansi imenunuliwa, basi na historia nayo ije katika boksi, pamoja na kitabu cha kumwelekeza mzazi aseme nini Jumatatu na aulize nini Alhamisi. Kinachonikera katika swali hilo ni kitenzi chake.

Tuitazame bidhaa yenyewe. Mkusanyiko unaosifiwa sana ni The Story of the World, juzuu nne za Mmarekani Susan Wise Bauer, zinazoanzia wahamaji wa kale na kuishia karne ya 20. Kwa haki, vitabu hivyo vimeandikwa vizuri, vinasomeka kwa sauti, na havikuisahau kabisa Afrika. Wazazi wengine humfuata Charlotte Mason, mwalimu wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1923, aliyeshikilia kwamba mtoto apewe vitabu vyenye uhai badala ya mihtasari mikavu. Fikra hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini ukiifuata orodha ya vitabu vya wafuasi wake bila kufikiri, utajikuta umemnunulia mtoto wa Eldoret Our Island Story cha H. E. Marshall, kilichoandikwa kwa ajili ya watoto wa Waingereza na kuchapishwa mwaka 1905.

Mwaka huohuo wa 1905, tarehe 19 Oktoba, katika mkutano ulioitwa kwa jina la kutafuta amani, afisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen alimpiga risasi na kumuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi.

Najua hapa baadhi ya wasomaji wameshaanza kupiga makofi wakidhani nitasema: watoeni wafalme wao, wekeni mashujaa wetu. Sisemi hivyo. Vitabu vya shuleni mwetu vimejaa mashujaa, na mtoto huwakariri kama anavyokariri mito na milima, maana historia yenyewe imefungwa pamoja na jiografia na uraia katika somo moja. Kubadilisha majina ya kukariri si kubadilisha elimu. Mzazi aliyemtoa mtoto shuleni kwa sababu mwalimu alikuwa akisoma kitabu na darasa likiitikia, halafu akaketi sebuleni kusoma kitabu huku mtoto mmoja akiitikia, amepunguza idadi ya wanafunzi tu.

Historia ni swali: tunajuaje? Na mtoto wa miaka minane hawezi kuliuliza swali hilo kuhusu Farao akapata jibu analoweza kulipima mwenyewe. Kuhusu Koitalel anaweza. Meinertzhagen aliandika kwamba alijihami; shajara yake ilichapishwa mwaka 1957. Wanandi wanasimulia hila na usaliti. Mabaraza ya uchunguzi ya kijeshi yalimsafisha afisa huyo, ingawa hatimaye aliondolewa nchini. Wanahistoria waliokuja baadaye wamezitilia shaka shajara zake, na wataalamu wa ndege nao wakagundua kwamba aliiba ndege waliokaushwa katika makumbusho na kughushi maelezo ya mahali walikopatikana. Mtoto akisikia habari ya ndege hao, hataisahau. Mwulize basi: mtu anayedanganya kuhusu ndege, tumwamini kuhusu mauaji? Na je, kosa la ndege linathibitisha kosa la Nandi? Hapo amekwisha kuwa mwanahistoria, kabla hajajua kuandika insha. Fimbo za Koitalel zilirudishwa kutoka Uingereza mwaka 2006, na huko Nandi Hills kuna makumbusho yenye jina lake.

Anayeishi pwani anayo Gedi, karibu na Malindi: msikiti, kasri, visima, makaburi ya nguzo, na vipande vya kauri kutoka Uchina. Wareno walikaa Malindi, mwendo mfupi tu kutoka hapo, wala hawakuuandika mji huo kwa jina hilo. Kwa nini? Wanaakiolojia wangali wanabishana. Mpeni mtoto ubishi huo. Kutoka kwenye kipande kimoja cha sahani njia inakwenda yenyewe hadi bahari ya Hindi, hadi Uchina, hadi Lisbon, na hapo ndipo juzuu za Bauer zinapostahili kushushwa rafuni, kwa kuwa sasa mtoto ana sababu ya kuzifungua.

Huambiwa kwamba mzazi hana muda wala ujuzi wa kufanya haya. Muda ni hoja ya kweli, na sina dawa yake. Ujuzi sikubali. Kumwuliza bibi ni nani aliyelivaa shingoni lile kopo la kipande, na kwa nini mtu mzima alilazimishwa kutembea nalo nchini mwake, hakuhitaji shahada. Kunahitaji nauli, subira, na pengine mkalimani, kwa kuwa wengi wetu tumewanyima watoto lugha ambayo bibi anaikumbukia mambo.

Nayo subira ina mpaka. Mtu aliyekuwa na miaka kumi Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 sasa amevuka 80. Boksi lililonunuliwa Januari linaanzia enzi za kale, na kwa mpangilio wake litaifikia karne ya 20 katika mwaka wa nne.