Kazimia: wifi ya kugawana ndiyo itakayoshika soko

Hapa Kazimia, kando ya ziwa Tanganyika, mama anayeuza ndagala anataka kujua bei ya Uvira ao ya Kigoma kabla mashua haijaondoka. Ujumbe ukichelewa, anauza kwa hasara kwa mnunuzi wa kwanza anayejitokeza. Kwa hiyo swali la teknolojia gani ya mtandao itashika soko si la wataalamu wa Kinshasa peke yao. Linatuhusu sisi pia.

Machi 2024, ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, ilikataza Starlink. Mei 2025, mamlaka hiyo hiyo ikaipa leseni. Tangu hapo kuna wanaosema kwamba mashindano yameisha na satelaiti imeshinda. Mimi sikubali. Satelaiti inafikisha mtandao kwenye paa la nyumba. Kutoka kwenye paa hadi kwenye simu ya yule mama, kazi inafanywa na wifi, na hapo ndipo soko letu litaamuliwa.

Historia inatufundisha. Miaka 25 iliyopita, wifi ilikuwa na wapinzani wawili wakubwa. HomeRF ilitengenezwa kwa ajili ya nyumba. HiperLAN2 ya Ulaya iliahidi megabiti 54 kwa sekunde, wakati wifi iliyokuwa sokoni ilitoa 11 tu. Lakini HomeRF ilivunjwa Januari 2003, na HiperLAN2 haikupata wanunuzi. Wifi ilishinda kwa sababu viwanda vingi viliitengeneza, vyombo vyao vilielewana, na bei ikashuka. Leo iko ndani ya karibu kila simu ya kisasa, hata ile ya bei ya chini.

Kwa hiyo tusidanganyike na matangazo. Muuzaji akikuletea chombo cha Wifi 7, chenye mbio kuliko vyote, umuulize kwanza: mtandao unaoingia ni wa nguvu gani? Ukiwa mdogo, chombo hicho hakitauongeza. Umuulize pia kuhusu umeme. Kisanduku cha kawaida cha wifi kinakula wati 10 hivi, lakini antena ya kawaida ya Starlink inaweza kufika wati 75 na zaidi. Kwa mtu anayetegemea sola, tofauti hiyo inamaanisha betri nyingine ya kununua. Ni wachache watakaoweza kulipa kila mtu kwake. Wengi watanunua saa moja, kwa franka kidogo, kwenye antena ya jirani.

Mfano tunao katika mkoa wetu. Kwenye kisiwa cha Idjwi, mradi wa Pamoja Net ulifikisha mtandao kuvuka maji ya ziwa Kivu, na wakaaji wakautumia kwa wifi ya pamoja. Kama Idjwi waliweza, Kazimia inashindwa nini?

Najua jibu la wenye mashaka: usalama. Viongozi wanaogopa mtandao huo utatumiwa na vikundi vyenye silaha, na katika Fizi hofu hiyo si ya bure. Lakini antena inayofanya kazi sokoni, mwenyewe akiwa ameandikishwa, inajulikana na watu wote. Ile inayofichwa kwa kuogopa kunyang'anywa ndiyo isiyojulikana. Ukali bila njia rahisi ya kujiandikisha unazalisha siri.

Ninaomba mambo matatu. Kwanza, ARPTC iwape wauzaji wadogo wa wifi kibali chepesi, kwa bei inayojulikana, kinachopatikana Baraka bila kusafiri hadi Kinshasa. Pili, viongozi wa sekta wasimpe mtu mmoja peke yake haki ya kuuza mtandao. Wauzaji wakiwa wawili ao watatu, bei itashuka yenyewe. Tatu, shule, kituo cha afya na chama cha wavuvi wachange pamoja kwa antena moja, na wakaaji wapate saa za bei nafuu jioni.

Satelaiti na minara ya simu ziendelee kushindana. Sisi tuangalie mwisho wa njia, kule mtandao unapofika mkononi mwa mtu. Ikiwa saa moja ya wifi itamgharimu mama wa ndagala faida yake ya siku, hata teknolojia bora kuliko zote itakuwa imeshindwa hapa Kazimia.