Wafanyabiashara wasikubali kuzimiwa marekebisho ya Windows

Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wafanyabiashara wadogo waliokuwa wakiahirisha kuhamia Windows 11 hawana tena sababu nzuri ya kungoja. Wengi wao ofisi yao ni chumba kimoja cha nyumba: kompyuta mbili, printa moja, ruta ya kampuni ya simu, na kisanduku cha diski ambamo ankara, daftari la wadaiwa na hati za manunuzi ya hisa huwekwa ili kila kompyuta izifikie. Kuhama kwenyewe si kazi kubwa. Taabu huanza asubuhi inayofuata, kompyuta inapowaka vizuri na intaneti ikapatikana, lakini kisanduku hakifunguki na printa haionekani.

Kwa mwenye mzigo wa kupakia siku hiyo, hiyo ni hasara. Lori haliondoki bila hati, mteja wa jumla hapewi ankara, na mdaiwa aliyekuja na fedha mkononi anaambiwa arudi kesho kwa kuwa salio lake halijulikani. Hapo fundi huitwa, naye mara nyingi huja na dawa mbili: kufungua upya kile ambacho toleo jipya limekifunga, au kuzima marekebisho yote yasije tena. Dawa zote mbili huchukua dakika kumi na zote hufanya kazi. Hata hivyo, mwenye duka anayezilipia amenunua deni ambalo hajaonyeshwa kiasi chake.

Sababu ni kwamba katika hali nyingi za namna hii hakuna kilichoharibika. Kompyuta za Windows hupeana faili kwa utaratibu uitwao SMB, ambao toleo lake la kwanza ni la miaka ya 1980, wakati mtandao wa ofisi ulikuwa ni waya ndani ya chumba kimoja na hakuna mgeni aliyetazamiwa kuingia. Microsoft imekuwa ikiufunga utaratibu huo wa kale hatua kwa hatua. Oktoba 2017 ilianza kuliondoa toleo la kwanza katika Windows 10. Aprili 2018 iliondoa HomeGroup, ile njia nyepesi ambayo familia na maduka mengi walikuwa wakiitumia kushirikiana printa. Kisha Oktoba 2024, toleo la Windows 11 liitwalo 24H2 likaja na sharti kwamba Windows 11 Pro haiingii tena kwenye folda ya pamoja kama mgeni asiye na neno la siri, na kwamba mawasiliano ya faili yatiwe sahihi ya kompyuta ili yasibadilishwe njiani. Visanduku vingi vya bei nafuu viliuzwa vikiwa wazi kwa kila mgeni. Kwa hiyo siku ya kuhama vinagoma, na ujumbe unaotokea kwenye kioo unasema sera za usalama za taasisi yako zimezuia. Mwenye duka la vipuri anabaki kujiuliza taasisi hiyo ni ipi, maana taasisi ni yeye na mkewe.

Wanaoona masharti hayo kuwa usumbufu wa bure wanapaswa kukumbuka Mei 2017. Tarehe 14 Machi mwaka huo Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba ufa katika toleo la kwanza la SMB. Tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, programu haribifu ya WannaCry ilipita katika ufa huohuo, ikafunga faili za kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na kudai dola 300 kwa kila kompyuta, zikipanda hadi 600 kwa aliyechelewa. Hospitali za umma za Uingereza ziliahirisha miadi ya wagonjwa ipatayo 19,000, na serikali yao baadaye ilikadiria gharama kuwa pauni milioni 92. Marekebisho yalikuwa yamekwisha kutolewa, bure. Walioumia walikuwa ni wale ambao hawakuyaweka au waliokuwa wakitumia matoleo yaliyokwisha kuachwa. Hospitali ina serikali nyuma yake. Duka ambalo daftari lake la wadaiwa limefungwa halina wa kulifidia, na wadaiwa hawana haraka ya kulikumbusha.

Ni kweli pia kwamba marekebisho yenyewe huweza kuwa na kosa. Yale ya tarehe 11 Januari 2022 yaliwakatia watu wengi njia ya VPN ya aina ya L2TP, ile wanayoitumia kuingia kwenye mtandao wa ofisi wakiwa nyumbani. Microsoft ilitoa tiba tarehe 17 Januari. Aliyeondoa rekebisho hilo moja na kungoja siku sita alifanya jambo la busara. Aliyeyazima yote kwa hasira na kusahau kuyawasha ni mtu mwingine kabisa, na huyo ndiye anayepatikana kwa wingi.

Kwa hiyo kabla ya kumlipa fundi, mwenye biashara afahamu kosa liko wapi. Simu ikiunganishwa kwenye Wi-Fi ileile na ikapata intaneti, ruta haina tatizo. Kosa ni la kompyuta. Amri ya ipconfig huonyesha namba ya kompyuta katika mtandao, na ikianza na 169.254 maana yake kompyuta haikupewa namba na ruta, hivyo hakuna haja ya kuhangaika na printa kwanza. Ikiwa namba ni sawa, itazamwe namna Windows inavyouhesabu mtandao wa nyumbani: ukiwa umeandikwa kuwa ni wa umma, kompyuta hujificha kwa wenzake kana kwamba iko stendi ya mabasi, na kuubadilisha kuwa wa binafsi mara nyingi hutosha. Kisanduku kikifunguka kwa namba yake lakini si kwa jina, kosa ni la majina tu. Kitufe cha kurudisha mtandao katika hali ya awali kiachwe kuwa cha mwisho, kwa sababu huondoa vifaa vyote vya mtandao na kuviweka upya, na programu ya VPN huenda ikahitaji kuwekwa tena.

Ikibainika kwamba toleo jipya linamkataa mgeni, basi mgeni apewe jina na neno la siri. Visanduku vingi vinaruhusu jambo hilo katika ukurasa wake wa mipangilio, na vingine vinahitaji tu programu yake ya ndani ipandishwe toleo. Kazi hiyo ni ya saa moja au mbili, na fundi anayeijua anastahili kulipwa zaidi ya yule wa dakika kumi. Kisanduku kisichojua lolote zaidi ya toleo la kwanza la SMB kihesabiwe kuwa kimekwisha. Faili zinakiliwe kwenye diski mpya, na gharama iandikwe vitabuni kama inavyoandikwa ya mizani iliyochakaa, badala ya kudhoofisha kompyuta zote mbili ili chombo kimoja kikuukuu kiendelee kupumua.

Linabaki suala la siku ya kuhama, ambalo wengi hulifanya pale kompyuta inapowaomba. Windows humpa aliyehamia toleo jipya siku 10 za kurudi kwenye lile la zamani bila kupoteza faili zake, na baada ya hapo njia hiyo hufungwa. Ritani ya VAT hutakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi, Tanzania na Kenya pia. Aliyehamia tarehe 18 anatafuta ankara zake katika kisanduku kisichofunguka huku mamlaka ya kodi ikimngoja. Anayehamia tarehe 21, akiwa amekwisha kunakili faili zote pembeni, ana hadi mwisho wa mwezi kuamua kama anabaki au anarudi.