Hakulala
Na Zawadi Mwakio

Binti wa kaka yangu ana miaka mitatu tangu ahitimu, na bahasha yake ya vyeti imeshachakaa kwenye kona. Juzi tulikwenda pamoja kwenye mahafali ya mdogo wake. Mgeni wa heshima akawaambia vijana kwamba asiyefanikiwa ni mvivu, basi. Binti akaninong'oneza: “Shangazi, kwani mimi nimelala?”

Sikuwa na la kumjibu. Nimelitafuta jibu wiki nzima, nikajikuta kwa Tom Mboya, yule mwanasiasa wa Kenya.

Mboya alizaliwa mwaka 1930, mwana wa mfanyakazi wa shamba la mkonge la Mzungu kule Kilima Mbogo. Karo ilipokosekana aliacha shule, akasomea kazi ya bwana afya, akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Siku moja alikuwa peke yake ofisini, akaingia mama wa Kizungu na chupa ya maziwa ya kupimwa. Mama yule akaangaza macho huku na huku, akauliza kama hakuna mtu. Mboya alikuwa amesimama mbele yake! Kisa hicho alikisimulia mwenyewe baadaye, na kila nikikikumbuka huniuma. Amesoma, amefuzu, kazi anaijua, na bado hahesabiwi kuwa mtu. Mshahara nao ulifuata rangi: Mzungu ngazi yake, Mhindi yake, Mwafrika yake, hata kama kazi ni ile ile. Ungeamka alfajiri ngapi ili uihame ngazi uliyozaliwa nayo?

Bidii ya Mboya haina ubishi. Lakini yeye hakurudi kwa vijana kuwahubiria bidii. Nafasi za chuo kikuu huku kwetu zilikuwa za kuhesabu, kwa hiyo alivuka bahari kwenda Marekani kuwaombea ufadhili. Miongoni mwa waliomsaidia kuchangisha nauli walikuwa mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na Jackie Robinson, yule aliyevunja ubaguzi wa ligi kuu ya besiboli mwaka 1947. Wamarekani hao weusi hawakuhitaji kuelezwa maana ya kufungiwa nje. Septemba 1959 ndege ikapaa na vijana 81. Nyumbani jamaa na majirani walikuwa wamechangishana ili mtoto wao asiende mikono mitupu. Sasa niambie, bidii hiyo ni ya nani?

Mwaka uliofuata, katika safari zizo hizo, aliondoka msichana wa Nyeri, Wangari Maathai. Akasoma Kansas, kisha Pittsburgh, akarudi mwaka 1966 na barua ya kazi ya chuo kikuu mkononi. Alipofika Nairobi, kazi ilikuwa imepewa mtu mwingine. Yeye aliamini sababu ni kabila lake na kuwa kwake mwanamke. Mkoloni alikuwa ameshaondoka. Waliokaa mlangoni sasa ni sisi wenyewe. Akapata kibarua katika idara nyingine, chini ya profesa Mjerumani, na mwaka 1971 akatunukiwa shahada ya uzamivu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati.

Wasemaji wa mahafali hupenda kutaja tuzo yake ya Nobel ya mwaka 2004. Barua ile ya kazi hawaitaji. Mimi naona tunawadhulumu vijana tunapowasimulia ushindi na kuwaficha mlango uliofungwa, kwa sababu siku wakiukuta umefungwa hudhani kosa ni lao.

Na hapa lazima nikiri. Nimewahi kukaa kwenye jopo la usaili, nikaona bahasha ikisukumwa kando mara tu jina la ukoo liliposomwa. Vyeti havikufunguliwa. Nikanyamaza, maana nilikuwa mgeni pale na nafasi yangu niliitaka. Aliyeileta bahasha ile aliondoka akijiuliza amekosea wapi.

Jana usiku nilimpigia simu binti wa kaka. Nikamwambia hakulala. Kisha nikamsimulia habari za bahasha ile. Akakaa kimya kitambo, halafu akauliza kama nakumbuka jina lililokuwa juu yake. Nalikumbuka.