Jiko na Jamaa: Steki ya Arua

Askari arudipo likizo hukabiliwa na maswali mawili, nayo yote huulizwa na watu wengine: ameleta nini, na atawapeleka wapi watu wake? La kwanza hujibiwa sandukuni. La pili ndilo lililomfikisha mwandishi wa safu hii kwenye meza yenye kitambaa cheupe mjini Arua, jioni ya Jumamosi moja, pamoja na jamaa ya rafiki yangu wa siku nyingi kutoka Koboko.

Rafiki huyo alikuwa koplo katika miaka ya sabini, nami nilikuwa naye. Mwaka 1979 na 1980, watu wengi wa West Nile walipovuka mpaka kuingia Sudan na nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, yeye na mkewe walikwenda Sudan kwa miguu, na huko ndiko alikozaliwa mwana wao. Mwana huyo leo ni sajini. Alikuwa amerudi kutoka Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalianza kwenda Machi 2007, na alikuwa na nia moja tu. "Mzee wangu," aliniambia kwa simu, "nataka mama akae chini, mtu mwingine amletee chakula. Miaka yote nimemwona amesimama."

Kutoka Koboko hadi Arua ni mwendo wa kilomita zipatazo 55. Sisi wazee tunakumbuka siku ambazo safari hiyo ilimtoa msafiri akiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu. Siku hizi lami inatoka Vurra, mpakani na Kongo, inapita Arua na Koboko, na kuishia Oraba karibu na Sudan Kusini. Umeme wa gridi ya taifa nao ulifika West Nile mwaka 2023. Mambo haya mawili nayataja kwa sababu ya nyama: hoteli isiyo na barabara ya kuaminika wala barafu ya kudumu haiwezi kumwahidi mgeni wake steki ya Jumamosi.

Hoteli ilikuwa imetangaza usiku wa Meksiko. Watumishi walivaa kofia pana za majani, na kwenye ukumbi wa nje, chini ya taa za rangi, bendi ilikuwa ikijaribu magita. Karatasi ya vyakula iliandikwa Kiingereza kilichochanganywa na Kihispania. Koplo aliigeuza mara mbili kisha akairudisha mezani kwa heshima kama mtu anayerudisha hati isiyomhusu. Kijana aliyetuhudumia alielewa upesi. Aliinama karibu na mama, akatueleza kila kitu kwa Kiswahili, na akatuhakikishia, kabla hajaulizwa, kuwa nyama ilichinjwa na Mwislamu. Kijana huyo apandishwe cheo, popote alipo.

Chakula chenyewe kilikuwa steki ya mkaani, chapati nyembamba za mahindi, nyanya zilizokatwakatwa pamoja na pilipili, na parachichi lililopondwa kwa ndimu na kitunguu. Mama aliitazama sahani ya mfano iliyopitishwa kwa meza ya jirani, akasema, "Mbona hivi vyote viko shambani kwangu?" Alisema kweli kuliko alivyojua. Mahindi asili yake ni Meksiko, ingawa sisi tumeyapa jina la Wahindi. Pilipili za namna ile na parachichi pia zilitoka pande zile, na nyanya ilianza kupikwa huko kabla ya kuenea duniani. Kilichokuwa kigeni kwa watu wa Meksiko ni ng'ombe, kwa maana hawakuwa naye mpaka Wahispania wa Hernán Cortés walipofika mwaka 1519 na wenzao wakamleta baadaye. Kwa hiyo katika sahani ile, cha kigeni kwao ndicho tulichokuwa nacho sisi, na tunachokiita chetu ndicho cha kwao.

Mtumishi aliuliza nyama iive namna gani. Koplo, akikumbuka ukubwa wa zamani, aliagiza yenye damu kidogo. Mkewe akasema, "Yangu iive." Wapo vijana wa mjini ambao wangemcheka. Wasimcheke. Nyama ya ng'ombe isiyoiva vizuri yaweza kubeba tegu, na mama aliyelea watoto kambini hahitaji kufundishwa jambo hilo na karatasi ya hoteli.

Sahani zilikuja zikitoa moshi. Bendi ilikuwa imekwisha anza rumba ya Kikongo, kwa kuwa hakuna usiku wowote Arua, uwe wa Meksiko au wa Uchina, ambao huanza bila ya rumba. Mama alikata kipande kidogo, akatafuna, akaacha. Akakigeuza kingine kwa uma, akakitazama nyuzi zake chini ya taa.

"Shemeji," aliniita, "nyama hii naijua."

Sajini aliinama mbele, akidhani pana kasoro.

"Si mbaya. Ni tamu. Lakini naijua. Huu ni ule ukanda wa ndani, unaotenga mapafu na matumbo. Nilikuwa nainunua kwa mchinjaji nyuma ya kambi, mwisho wa mwezi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka." Kisha akamgeukia mumewe, wala hakupandisha sauti. "Mwisho wa mwezi, Mzee, wewe ulikuwa kantini. Palikuwa na bendi. Tulisikia tarumbeta mpaka nyumba za mwisho za laini. Kaka yake huyu, yule aliyebaki Sudan, alikuwa akiniuliza baba anakula nini huko."

Koplo aliweka uma chini. "Ilikuwa desturi, Mama," akasema.

"Najua ilikuwa desturi. Sikusema wewe peke yako."

Hakuna aliyenitazama, lakini nilijua mahali pangu katika neno lile. Nami nilikuwamo kantini. Nilikula mbavu za mbuzi siku za mshahara, nikanunulia wenzangu, nikacheza, na kurudi nyumbani na mfuko mwepesi na maneno mengi. Hatukujiona waovu. Tulisema askari ana haki ya kujiburudisha baada ya mwezi mzima wa amri, na haki hiyo tuliigawana wenyewe kwa wenyewe kwa ukarimu mkubwa sana. Katika miaka niliyoandika ukurasa huu nimewashauri akina mama mara nyingi namna ya kubana matumizi. Sikumbuki kuwahi kuandika ni nani aliyewalazimisha kubana.

Turudi kwenye nyama, maana mama alikuwa sahihi kabisa. Ukanda ule wa kiwambo ndio wenye sifa katika steki za namna hiyo, na historia yake ingemfurahisha. Texas ilikuwa sehemu ya Meksiko hadi ilipojitenga mwaka 1836, na mwaka 1845 ikaingizwa Marekani. Katika mashamba ya ng'ombe kandokando ya mto Rio Grande, mpaka wa nchi hizo mbili, wachungaji wa Kimeksiko katika miaka ya 1930 walipewa kichwa, ngozi, matumbo na ukanda huo kuwa sehemu ya ujira wao. Minofu mizuri ilikwenda kwa wenye mali. Wachungaji waliuchoma ukanda kwenye moto mkali, wakaukata vipande vyembamba na kuukunja ndani ya chapati. Wakauita fajita, yaani ukanda mdogo. Matajiri walipoonja, bei ikapanda. Sahani moja mezani petu Arua ingenunua kilo tatu za nyama katika bucha la Koboko.

Wakati huo rumba ilikuwa imenyamaza na wachezaji wa adungu wakapanda jukwaani, mmoja akiwa na kinanda kidogo kifuani, mwingine akikalia nyuma ya adungu kubwa ya kutoa sauti nzito. Katika bendi za mariachi za Meksiko pia lipo gita nene la kazi hiyo hiyo. Mariachi iliandikwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2011. Mwaka 2016 iliandikwa pia o'di, kinanda cha bakuli cha Wamadi, majirani zetu, ila chenyewe kiliwekwa katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Ningependa wenye hoteli walifikirie hilo wanapowalipa wapigaji wa kofia za majani.

Adungu ilipokolea, koplo alisimama, akavuta koti lake, akamnyoshea mkewe mkono mbele ya ukumbi mzima. Sijapata kumwona akifanya hivyo tangu tufahamiane.

"Keti kwanza," mama akamwambia. "Chakula kitapoa."

Akaketi. Walicheza baadaye, wimbo mmoja na nusu, maana goti la koplo lina maoni yake. Sajini alilipa bila ya kuionyesha karatasi ya hesabu kwa mtu yeyote, na hiyo ni adabu njema ambayo sikumfundisha mimi.

Wanaotaka kuijaribu nyama hii nyumbani wamwombe mchinjaji ule ukanda wa kiwambo mapema asubuhi. Ungoe utando mweupe wote kwa kisu chenye makali, kwa kuwa huo ndio unaowafanya watu waseme nyama ni mpira. Upake chumvi, kitunguu saumu kilichotwangwa, pilipili na maji ya ndimu, uuache muda wa saa moja kivulini. Mkaa uwe mwekundu kweli, usitoe moshi wala mwali. Kwa kuwa nyama ni nyembamba, dakika chache kila upande zatosha kuiivisha hadi ndani, na ikikaa zaidi hukauka. Iepue, ipumzike kidogo, kisha uikate kwa kukingama nyuzi zake. Hapo ndipo wengi hukosea: wakikata kwa kufuata nyuzi, hata nyama ya ndama hutafunwa mpaka magharibi. Ukikosa ukanda na ukapata paja gumu, pakaa papai bichi lililosagwa nusu saa tu, si zaidi, lisije likaifanya uji.

Maelezo hayo si yangu. Wiki tatu baadaye niliitwa Koboko, na mama ndiye aliyeamuru kila hatua akiwa amekaa kwenye kiti cha mti chini ya mwembe, kisu kikiwa mkononi mwa mumewe. "Kingamisha," alimwambia koplo. "Hapana, Mzee, kingamisha. Huko kantini walikuwa wakikukatia nani?" Koplo alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wenye pilipili, na kazi ikasimama robo saa tukimtafutia maji.

Tulikuwa sita mezani, wajukuu wawili wakiwamo. Parachichi lilipondwa, nyanya zikakatwa, lakini chapati za mahindi mama alizikataa, akasonga ugali wa mhogo na wimbi, ule ambao Walugbara huuita enyasa. Simu ya mjukuu ilikuwa ikipiga rumba kwenye kopo tupu ili sauti ikue. Nyama ilikwisha kabla ya ugali, na kipande cha mwisho, kilichoungua pembeni, koplo alikisukuma kwenye sahani ya mkewe. Mama akakitazama, akamwuliza kama amekipaka ndimu.